Kabla ya kunipa bastola, muulizeni mke wangu

Kwa Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki, nakala kwa Waziri wa Usalama wa Ndani na Inspekta Jenerali wa Polisi.

Waheshimiwa,

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Kongowea, Mombasa. Nauza mahindi, maharagwe na pojo kwa jumla. Nina cheti cha bunduki cha halali, na bastola yenyewe huibeba kiunoni chini ya shati siku ambazo kuna pesa za kupeleka benki. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayetaka raia wote wapokonywe silaha. Ningetaka hivyo, ningeanza kwa kurudisha yangu. Ninachoomba ni kitu kimoja: kabla hamjampa mtu cheti, na kila anapokuja kukihuisha, mtu wa nyumbani kwake aulizwe. Mke, mume, au yeyote anayelala chini ya paa moja na silaha hiyo.

Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, imetoka enzi za mkoloni, lakini masharti yake ya msingi hayajachakaa. Mwombaji awe na sababu nzuri ya kutaka silaha. Bodi iridhike kwamba akiwa nayo hatahatarisha usalama wa umma wala amani. Asiwe mlevi, asiwe na akili isiyo timamu, asiwe mtu ambaye kwa sababu yoyote ile hafai kukabidhiwa bunduki. Tangu marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014, kazi ya kupima hayo yote iko mikononi mwenu, bodi yenye polisi, majasusi wa NIS, watu wa KWS, shirika la wanyamapori, na wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Hiyo ni meza nzito. Sidhani leseni ya baa au ya matatu hukaguliwa na watu wa namna hiyo.

Shida ni makaratasi yanayofika kwenye meza hiyo. Kitambulisho. PIN ya KRA. Cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi. Taarifa za benki. Ripoti ya daktari. Ushahidi kwamba umefunzwa kutumia silaha. Yote ni ya maana na sisemi hata moja liondolewe. Lakini benki inajua mtu ana pesa, KRA inajua analipa kodi, na alama za vidole zinaonyesha hajapatikana na hatia. Daktari humwona asubuhi moja tu, bwana kanyoa ndevu, kavaa shati lililopigwa pasi, anajibu kila swali kwa upole. Nani katika hao anajua akilewa huwaje? Nani anajua kwamba akikasirika hupasua vioo vya kabati? Sheria imekataza mlevi kupewa bunduki, lakini haimlazimishi yeyote kumuuliza mtu anayemfungulia mlango saa nane za usiku.

Na hii ya kubeba kiunoni ina jambo lake. Bunduki ndefu ya mfugaji au ya mlinzi kila mtu huiona. Bastola iliyofichwa chini ya shati haijulikani na jirani, haijulikani na mteja, wala na kondakta uliyebanana naye kwenye matatu. Ni mtu mmoja tu anayejua kila siku iko wapi na imebebwa na mtu wa hali gani, yule anayeiona ikivuliwa jioni. Nyinyi mnatafuta ushahidi wa tabia, na shahidi mnaye. Yuko jikoni.

Niwaeleze jambo la kwangu kidogo. Siku niliyoingia na bastola nyumbani kwa mara ya kwanza mke wangu alikuwa sebuleni anachambua mchele. Hakupiga kelele. Aliitazama, akarudisha macho kwenye ungo, akasema, "Baba Salim, hiyo italala wapi?" Nikamwambia juu ya kabati. Akasema Salim hupanda kiti akafika huko, ndiko zinakofichwa biskuti. Nikasema basi chini ya mto. Akasema mimi kwenye kitanda hicho silali. Ikabidi nirudi dukani usiku ule ule nikaifungie kwenye sefu ya pesa, na kesho yake fundi wa vyuma akaja kukaza kisanduku cha chuma ukutani mwa chumba chetu, juu kabisa, na ufunguo wake mmoja. Magazini ya risasi hukaa kwingine. Sheria inataka silaha ihifadhiwe mahali salama wakati wote. Mimi nimeitii kwa sababu ya mama mmoja na ungo wake, kwani hakuna ofisa anayeweza kulala chumbani mwa kila mwenye cheti kuangalia anaiweka wapi.

Si kila nyumba ina mtu wa kujibu hivyo. Mteja wangu mmoja, mama wa makamo, tulikuwa tukizungumza habari za bei ya mahindi mazungumzo yakapinda. Mumewe naye ana cheti. "Hajanipiga hata siku moja," aliniambia. "Huiweka tu mezani." Wakati wa chakula cha usiku, kukiwa na neno la pesa au la shamba la urithi, bwana huitoa kiunoni akailaza kando ya sahani, mdomo wa bastola ukielekea upande wa mke. Kisha anaendelea kula. Waheshimiwa, huyo mama aende kituo cha polisi aandikishe nini kwenye OB, kitabu cha matukio? Kwamba mumewe ameweka kitu chake mezani? Hakuna risasi iliyotoka, hakuna jeraha, hakuna kesi. Cheti cha maadili mema cha bwana yule ni safi kama kanzu ya Idi. Na mwaka ukiisha atakihuisha cha bunduki.

Najua takwimu zetu na sitaki kuzipindisha. Polisi wenyewe walitangaza kwamba wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba 2024. Utafiti wa Kitaifa wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu watimize miaka 15. Sidai kwamba hao 97 waliuawa kwa bastola zenye vyeti. Kwetu kisu na panga ndivyo vinavyojulikana zaidi. Ninachosema ni kwamba nchi ambayo nyumba zake zina hali hiyo haiwezi kutoa ruhusa ya kubeba bastola kana kwamba nyumbani hakuna kitu cha kuuliza.

Wengine wamekwisha kuuliza. Canada, mwombaji wa leseni hutakiwa amtaje mke, mume au mwenzi wake wa sasa, na hata yule waliyeachana katika miaka 2 iliyopita, na fomu ina nafasi ya saini zao. Asiyetia saini hazuii leseni kwa kukataa kwake. Ila ofisa wa silaha analazimika kumjulisha kwamba fulani ameomba, na hapo ndipo mtu hupata nafasi ya kusema. Mwaka 2023 bunge lao likaongeza sheria kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama ya kumlinda mwenzake hastahili leseni kabisa.

New York nako ni mfano mzuri, hasa kwa wale wanaopenda kusema kwamba Marekani kila mtu anatembea na bastola apendavyo. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiondolea New York sharti lake la zamani, lile la kumtaka mwombaji athibitishe kwamba ana sababu ya kipekee ya kubeba silaha hadharani. Jimbo halikukunja mikono. Kufikia tarehe 1 Septemba mwaka huo sheria mpya ilikuwa inafanya kazi: mafunzo ya saa 16 darasani na saa 2 za kupiga risasi uwanjani, mahojiano ya ana kwa ana, wadhamini wa tabia wasiopungua 4, na majina na mawasiliano ya mke au mume pamoja na watu wazima wote wanaoishi naye. Pia aseme kama kuna watoto nyumbani. Kulikuwa na sharti jingine la kutoa akaunti za mitandao ya kijamii. Watu walikwenda mahakamani. Mahakama ya rufaa ikalizuia lile la mitandao, hili la watu wa nyumbani ikaliacha lisimame. Na hiyo ni nchi ambayo katiba yake inataja haki ya kubeba silaha tangu 1791. Katiba yetu ya 2010 haina haki ya namna hiyo. Cheti chetu ni amana tunayopewa, na mwenye kutoa amana ana haki ya kuulizia.

Mfano unaonitisha zaidi ni wa New Zealand, maana huko swali lilikuwepo na bado likapita pembeni. Utaratibu wao ulitaka mmoja wa wadhamini awe mtu wa karibu wa familia, kwa kawaida mke au mume, ahojiwe uso kwa uso. Mwaka 2017 mwanamume mmoja kutoka Australia, anayeishi peke yake mjini Dunedin, aliomba leseni. Alimtaja dada yake, lakini dada alikuwa Australia, akaambiwa ataje mwingine. Akamtaja rafiki waliyejuana zaidi kupitia michezo ya kompyuta. Rafiki akahojiwa, na mzazi wa rafiki akahojiwa, leseni ikatoka Novemba. Tarehe 15 Machi 2019 mtu huyo aliingia misikiti miwili ya Christchurch wakati wa swala ya Ijumaa, na waliokufa walikuwa 51. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti Desemba 2020 iliwalaumu polisi kwa namna walivyolichukulia suala hilo la wadhamini. Kisanduku cha fomu kilijazwa. Aliyejua maisha ya mwombaji hakutafutwa, ingawa simu ya Australia inapigika.

Nayaleta haya kwa sababu najua jibu rahisi litakalotoka ofisini: tutaongeza karatasi moja, mke atie saini. La. Saini ya mke inaweza kupatikana kwa dakika moja katika nyumba ambayo bastola iko mezani. Karatasi itakayobebwa na mume kutoka nyumbani kwenda ofisini haina thamani. Lazima aulizwe na mtu wenu, peke yake, mchana, mume akiwa kazini, ikiwezekana na ofisa mwanamke, na kwa lugha anayoiweza. Asiitwe kituo cha polisi cha mtaani ambako mume anakunywa chai na mkubwa wa kituo. Alichokisema kisirudi nyumbani kwa njia yoyote. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na maneno ya mke kuhusu mumewe mwenye bastola yanastahili ulinzi huo kuliko nambari yangu ya simu pale dukani.

Tena waulizwe wote. Hapo ndipo kinga ilipo. Kama simu hupigwa kwa kila nyumba, ya mbunge, ya mwenye kampuni na ya muuza nafaka, hakuna mke atakayeonekana kuwa ndiye aliyejitokeza kusema. Mwombaji akinyimwa, barua imwambie Bodi haikuridhika, basi. Mkimtaja mke kwenye barua hiyo mtakuwa mmemuua wenyewe.

Wanaume wenzangu watauliza: mke mwenye kinyongo je? Talaka iko mahakamani, wanagombania nyumba ya Bamburi, huyo si atanichafua? Anaweza. Kama vile mshindani wangu wa biashara anavyoweza, au jirani tuliyegombana kwa mpaka. Ndiyo maana nasema neno la mke lisiwe uamuzi, liwe ni habari ya kufuatiliwa. Akisema bwana hulewa, nendeni mkaulize anakolewa. Akisema aliwahi kunielekezea silaha, ulizeni majirani, ulizeni watoto wakubwa, angalieni kama kuna amri ya mahakama chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015. Wapelelezi mnao. Mwenye nyumba tulivu hataumizwa na maswali ya robo saa.

Huku Pwani kuna jambo ambalo fomu ya Canada haikuliwaza: bwana mwenye nyumba mbili. Bastola haina mke mkubwa wala mdogo, huenda na mwenyewe Likoni leo na Kisauni kesho. Basi waulizwe wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na mmoja asijue mwenzake alijibu nini. Kapera anayeishi peke yake aulizwe mzazi au ndugu, na ndugu akiwa Doha au Minnesota apigiwe huko huko. Mwanamke mwenye cheti, nao wapo, mumewe aulizwe vivyo hivyo.

Kisha kuna watakaosema majambazi hawaombi cheti. Kweli. Utafiti wa Small Arms Survey wa mwaka 2017 ulikadiria silaha mikononi mwa raia nchini mwetu kuwa takriban 750,000, na zilizosajiliwa zilikuwa sehemu ndogo sana ya hizo. Kazi ya hizo nyingine ni ya mipakani na ya wapelelezi, wala si ya barua hii. Na sijasahau shambulio la magaidi kwenye jumba la maduka la Westgate, Nairobi. Tarehe 21 Septemba 2013, kabla vikosi havijajipanga, miongoni mwa waliotangulia kuingia kuwatoa watu walikuwa raia wenye bastola za cheti. Watu 67 waliuawa siku zile, na bila wale raia wangekuwa wengi zaidi. Nawaheshimu. Ningependa niwe na watu kama wao karibu yangu siku mbaya ikija, na naamini wake zao wangewasemea vizuri bila kusita.

Wapo wengine. Januari 2020, kwenye klabu moja ya usiku Kilimani, Nairobi, DJ mmoja kijana alipigwa risasi ya shingo, nchi nzima ikaiona video. Yaliyofuata mahakamani ni ya mahakama, simhukumu mtu. Lakini tangu siku hiyo kila mmoja wetu mwenye cheti amewahi kuulizwa swali lile lile na watu wa nyumbani: wewe hiyo unaingia nayo baa? Swali hilo lilipaswa kutoka kwenu kwanza, na jibu lake wanalo nyumbani.

Sheria imewapa nafasi bila kungoja bunge. Kati ya kazi za Bodi zilizoandikwa kwenye Sura ya 114 kuna kuthibitisha kama mwombaji anafaa, na kupima mara kwa mara uwezo wa wenye silaha. Cheti hudumu mwaka mmoja tu, kisha kinahuishwa. Kwa hiyo kila mwaka mlango uko wazi. Binadamu hubadilika katika mwaka mmoja: biashara huanguka, mtoto hufa, mtu huanza kutafuna muguka na kumeza vidonge, ndoa huvunjika. Aliyefaa 2019 baada ya ule uhakiki wa wenye bunduki ulioamriwa na Matiang'i, Waziri wa Usalama wa wakati ule, Desemba 2018 huenda leo hafai hata kushika wembe. Makaratasi yake bado ni yale yale na benki bado inamsifu.

Ninachopendekeza ni kanuni fupi itakayotangazwa kwenye Gazeti Rasmi. Mwombaji aandike majina na simu za watu wazima wote anaoishi nao, na mwenzi waliyeachana karibuni. Ofisa wa Bodi azungumze nao faragha kabla ya cheti cha kwanza, na kwa simu kila kinapohuishwa. Kuwe na nambari moja ya bure ambayo mtu wa nyumbani anaweza kuipiga katikati ya mwaka bila kungoja kuulizwa. Tayari kuna 1195 ya kuripoti ukatili wa kijinsia, waunganisheni wale wanaopokea simu hizo na rejista yenu, ili mama akisema "ana bastola" kuwe na mtu wa kuangalia siku hiyo hiyo kama ina cheti. Na silaha ichukuliwe kwa muda uchunguzi ukiendelea. Mwenyewe akionekana hana neno, arudishiwe. Mimi naweza kukaa wiki mbili bila bastola. Pesa nitazipeleka benki kwa gari la kampuni ya ulinzi.

Bunduki za askari haziko chini yenu, najua, ndiyo maana nakala imekwenda kwa Inspekta Jenerali. Desemba 2021 kule Kabete askari alimuua mkewe nyumbani, akatoka nje na bunduki ya serikali akaua wengine kabla ya kujiua. Wake za askari nao wana ya kusema.

Mimi nitakapokuja kuhuisha cheti changu nitaandika nambari ya mke wangu kwenye maombi hata kama sikuulizwa. Mpigieni kuanzia saa nne asubuhi. Saa hizo mimi huwa sokoni.

Wenu mtiifu,
Mwenye cheti, Kongowea, Mombasa